Si kila kinyama kwenye ngozi ni cha kukatwa

Katika toleo hili nataka tuzungumze juu ya vitu vinavyoota kwenye ngozi: chunjua, vinyama vya shingoni, vinundu, uvimbe wa mafuta na makovu yaliyovimba. Najua wapo watakaosema, kambini kuna malaria, kuna kuhara, kuna watoto wenye utapiamlo, kwa nini tupoteze karatasi kwa ajili ya chunjua? Jibu langu ni fupi. Chunjua ya mkononi haiui mtu. Wembe unaoikata unaweza kuua.

Maoni yangu nayatoa mapema. Vitu vingi vinavyoota kwenye ngozi havina madhara, na tiba yake ya kwanza ni kuvijua. Anayekijua kitu hakiogopi bure, na asiyekiogopa hatafuti wembe. Anayevijua pia ataweza kutofautisha vile vingi vya kuachwa na vile vichache vya kuwahishwa kwa daktari.

Mimi ni mhamasishaji wa afya, kijana mwenzenu niliyesoma sekondari hapa hapa kambini. Napita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za homa, vyoo, maji na chanjo. Hakuna anayeniita anionyeshe chunjua. Naiona mwenyewe, kwa mtoto anayeficha mkono nyuma, au kwa mama aliyejifunga kitambaa shingoni wakati wa jua kali. Nikiuliza, naambiwa: "Hicho tu? Kuna mzee atakikata."

KWA NINI TUNAKATA?

Sababu ya kwanza ni aibu. Mtoto mwenye chunjua mikononi anakataliwa kushika mpira na wenzake. Msichana mwenye kovu lililovimba sikioni anaacha kusuka nywele nyuma. Aibu haina subira, inataka kitu kiondoke leo.

Sababu ya pili ni maneno ya watu. Wapo wanaosema ni uchawi, wapo wanaosema ni laana ya ukoo, wapo wanaosema ni uchafu. Hata mtu aliyepita shule anaweza kuyumba pale majirani wanapoanza kunong'ona.

Sababu ya tatu tuseme bila kuoneana haya: ni sisi watu wa afya. Mtu anaamka alfajiri, anapanga foleni na mtoto mgongoni, jua linapanda, anaingia kwa mganga, anaonyesha kinyama chake. Anaambiwa, "Hii si kitu, nenda nyumbani." Kwa udaktari jibu hilo mara nyingi ni sahihi. Lakini kwa mama aliyesubiri nusu siku si jibu. Hajaambiwa ni kitu gani, kimetoka wapi, kitaondoka lini, na lini arudi. Anatoka pale akiamini hakusikilizwa, na jioni ile ile anamfuata mwenye wembe, kwa sababu huyo angalau atakishika na kukitazama. Naamini kueleza ni sehemu ya matibabu, na dakika mbili za maelezo zingewazuia wengi kwenda kukatwa.

WEMBE UNALETA NINI?

Wembe mmoja unakata chunjua ya mtoto huyu leo, kesho unachanja mtu mwingine, keshokutwa unanyoa nywele. Virusi vya UKIMWI vinaweza kupita katika damu iliyobaki kwenye wembe. Virusi vya homa ya ini aina ya B ni vigumu zaidi kufa. Vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika damu iliyokauka ambayo jicho halioni. Kuufuta wembe kwa kitambaa au kuusuuza kwa maji hakusaidii.

Pepopunda nayo ipo. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na mavi ya wanyama, na kidonda kilichokatwa kwa chuma kichafu au kupakwa udongo na majivu ni mlango wazi.

Halafu kuna hasara ambayo watu hawaihesabu: kukata chunjua hakuiondoi. Chunjua haina mzizi wa kung'olewa. Vidoti vyeusi unavyoviona ndani yake si mizizi, ni mishipa midogo ya damu iliyoganda. Chunjua inaletwa na virusi vilivyo kwenye ngozi ya juu, na ukiikata virusi vinaingia kwenye ngozi ya pembeni iliyochubuka. Ulikuwa na moja, baada ya miezi michache unazo tano. Na kwa mtu ambaye ngozi yake ina tabia ya kuvimba kovu, kinyama kidogo kama punje ya mtama kinaacha kovu kama kidole.

Wapo wanaokwepa wembe na kutumia vitu vingine: maji ya betri, kostiki soda ya kutengenezea sabuni, msumari uliopashwa moto, au utomvu wa mnyaa, ule mmea wa kijani tunaopanda kama uzio. Vyote hivi vinaunguza ngozi nzima, haviichagui chunjua. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaumiza vibaya na unaweza kumfanya mtu asione. Usimpake mtoto.

VIJUE KWA SURA ZAKE

1. Chunjua. Ni kigumu, kinakwaruza ukikishika, hukaa zaidi kwenye vidole, mikono na magoti. Huambukiza kwa kugusana, hasa ngozi ikiwa na michubuko. Kwa watoto, karibu nusu yake hupotea zenyewe ndani ya mwaka mmoja, na theluthi mbili ndani ya miaka miwili, bila dawa yoyote. Ya chini ya unyayo huingia ndani kwa sababu tunaikanyaga, na watu huichanganya na sugu. Ibane kwa vidole kutoka pembeni: chunjua ndiyo huuma zaidi ikibanwa hivyo, sugu huuma zaidi ikikandamizwa kutoka juu.

2. Vipele vya mviringo vyenye kitobo katikati. Vinang'aa kama shanga ndogo, huja kwa watoto usoni, kwapani na tumboni. Navyo ni vya virusi, ila si vya chunjua. Vingi huisha ndani ya miezi 6 hadi 12, vingine huchelewa zaidi. Usivikamue, kwa sababu uji mweupe ulio ndani ndio unaoambukiza. Mtoto awe na taulo yake, na aendelee na shule. Mtu mzima akipata vingi usoni, namshauri aende kupima virusi vya UKIMWI, kwa maana wakati mwingine ni ishara kwamba kinga ya mwili imeshuka. Dawa za kurefusha maisha zikianza, vipele navyo hupungua.

3. Vinyama laini vya shingoni, kwapani na kwenye kope. Vinaning'inia kwa kishikizo chembamba. Haviambukizi wala havigeuki kansa. Hupenda watu wanene, wajawazito na wenye umri mkubwa. Ukivipata vingi na pia una kiu isiyoisha na unakojoa mara kwa mara, pima sukari. Usivifunge kwa uzi wala unywele. Kinyama huoza taratibu kikiwa bado kimeshikamana na mwili, na hapo ndipo usaha unapoingia.

4. Vidoti vyeusi vilivyoinuka mashavuni kwa wazee wetu. Huanza mmoja mmoja ujanani na kuongezeka na umri, mara nyingi mama anavyo na binti atavipata. Havihitaji tiba yoyote. Mimi naviona kama mvi, ni dalili kwamba mtu ameishi.

5. Uvimbe wa mafuta. Uko chini ya ngozi, ni laini kama unga uliokandwa, ukiusukuma kwa kidole unateleza, na hauumi. Hukaa mgongoni, begani, mkononi. Unaweza kukaa nao miaka mingi. Daktari huutoa ukiwa mkubwa au unapobana.

6. Kifuko cha chini ya ngozi. Ni cha mviringo, mara nyingi kina kitobo cheusi juu, na kikipasuka hutoa uji mweupe wenye harufu. Usikikamue. Ukiona kimekuwa chekundu, cha moto na kinauma, nenda kituoni, kimeingia usaha.

7. Keloidi, yaani kovu linalovimba na kuvuka mipaka ya kidonda chake. Huja baada ya kutoboa masikio, kuungua, chanjo, chunusi au kuchanjwa. Sisi Waafrika tunalipata zaidi kuliko watu wa ngozi nyeupe, hasa kati ya umri wa miaka 10 na 30. Hili ndilo ambalo wembe ni adui yake mkubwa: likikatwa tu bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, na hurudi kubwa kuliko lilivyokuwa. Tiba yake ya kawaida ni sindano ya dawa inayochomwa ndani ya kovu lenyewe na daktari, mara kadhaa kwa kupishana wiki. Kama wewe au ndugu yako wa damu ana keloidi, fikiria mara mbili kabla ya kumtoboa binti masikio.

8. Vinundu vingi laini mwili mzima, pamoja na mabaka ya rangi ya chai tangu utotoni. Huu ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 3,000 duniani kote, Ulaya sawa na Fizi, Uvira au Burundi. Hauambukizi kwa kugusana, kula pamoja wala kulala nyumba moja. Si uchawi. Mtu huyu anahitaji kuonwa na daktari mara kwa mara, na anahitaji majirani wasiomtenga. Watu kama hawa wamekwisha kimbia vita kama sisi sote. Tusiwafanye wakimbie tena ndani ya kambi.

CHUNJUA ITIBIWE VIPI?

Kama haikusumbui, iache. Hilo pia ni tiba, na ni tiba isiyo na foleni. Kama inauma au inaleta aibu, uliza kituoni au duka la dawa kama ipo dawa ya asidi ya salisiliki. Inatumika hivi:

- Loweka mahali penye chunjua kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, kisha kausha.
- Sugua taratibu ngozi iliyokufa kwa jiwe la kusugulia miguu. Jiwe hilo liwe la mgonjwa peke yake. Ukiona damu, umezidisha.
- Paka mafuta mazito kwenye ngozi nzuri inayozunguka ili isiungue.
- Weka dawa juu ya chunjua tu, iache ikauke.
- Rudia kila siku, hadi wiki 12. Wengi huacha wiki ya pili wakisema dawa haifai.

Usiitumie usoni wala sehemu za siri. Mwenye kisukari asiitumie miguuni bila kuongea na daktari, kwa sababu kidonda chake huchelewa kupona naye anaweza asihisi maumivu.

Vinyama vya sehemu za siri ni habari nyingine. Navyo huletwa na virusi vya jamii hiyo hiyo ya chunjua, ila kwa kawaida si aina zile za mkononi, na hupatikana kwa kujamiiana. Nenda kituoni, wewe na mwenzi wako, bila kuoneana haya. Usivipake kitu chochote cha nyumbani. Mama, uliza pia kuhusu kuchunguzwa mlango wa kizazi. Na kwa kuwa tumefika hapo, virusi vya jamii hii vina aina zinazoleta kansa ya mlango wa kizazi, na chanjo yake ipo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaenda kwenye dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Binti yako akiwa na umri huo, uliza.

VILE VICHACHE VISIVYO VYA KUACHWA

Hapa naomba usome polepole. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda kituoni haraka, na usikubali kurudi nyumbani bila kuangaliwa vizuri, ukiona moja ya haya:

- Kinyama au doa linalobadilika ukubwa, umbo au rangi ndani ya wiki au miezi.
- Kinachotoa damu chenyewe, au kidonda ambacho hakijapona baada ya mwezi mmoja.
- Uvimbe mgumu usioteleza chini ya kidole, au unaokua upesi.
- Uvimbe wa titi, au tezi za shingoni, kwapani au kinenani zisizopungua.
- Mabaka ya rangi ya zambarau au nyeusi, yasiyouma, miguuni, usoni au ndani ya kinywa.
- Doa jeusi linalotanuka kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha.

Hilo la mwisho watu hulidharau, kwa sababu wanaambiwa kansa ya ngozi ni ya wazungu. Kumbukeni Bob Marley, ambaye nyimbo zake zinapigwa hapa kila sikukuu. Mwaka 1977 aligunduliwa kuwa na kansa ya ngozi chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Mwanzoni ilidhaniwa ni jeraha la kucheza mpira. Ilisambaa mwilini, akafariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Sisi watu weusi kansa hii tukiipata, mara nyingi hukaa huko huko, kwenye unyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo hatutazami. Vijana wa mpira, tazameni miguu yenu.

Na ndugu zetu wenye ualbino wana kanuni yao wenyewe: kwao hakuna kidonda kidogo. Jua la mchana linaunguza ngozi yao kuanzia utotoni, na kansa ya ngozi huwapata wakiwa bado vijana. Kila kigaga, kila kipele kisichopona, kionwe na daktari. Kofia pana, mikono mirefu na kivuli si anasa kwao.

MAOMBI YANGU

Kwa wazazi: msimchape wala kumcheka mtoto kwa sababu ya chunjua. Hakuitafuta.

Kwa walimu: mtoto mwenye chunjua au vipele vya kitobo asirudishwe nyumbani. Anazuiwa masomo kwa kitu ambacho huenda kikakaa mwaka mzima, na mwaka wa shule haurudi.

Kwa vinyozi: wembe mmoja kwa mtu mmoja, kisha utupwe kwenye kopo lenye mfuniko, si kwenye jalala wanapochezea watoto. Na ukikutana na kinyama kichwani mwa mteja, kizunguke, usikikate.

Kwa wazee na waganga wetu wa jadi: watu wanawaamini, wakati mwingine kuliko wanavyotuamini sisi. Sitaki kugombana nanyi. Naomba jambo moja tu, kwamba mtu akija na kinyama cha kukatwa, mwambieni, "Hiki wacha kwanza, kaulize kituoni." Neno lenu moja litazuia mengi.

Kwa wenzangu wa kituoni: tuache neno "si kitu". Tuseme ni nini. Tuseme, "Mama, hii ni chunjua, imeletwa na virusi, huenda itaondoka yenyewe ndani ya mwaka au miwili, usiikate, na ukiona inatoa damu au inakua upesi, rudi." Maneno hayo hayahitaji dawa wala bajeti.

Nawe msomaji, una haki ya kuuliza. Ukiambiwa si kitu, sema kwa adabu: "Nashukuru daktari. Basi kinaitwaje, na nikiona nini nirudi?" Usitoke chumbani bila majibu hayo mawili. Ukiwa na jina la kitu chako na siku ya kurudi, huna sababu ya kwenda kwa mwenye wembe.

Leo jioni wakati wa kuwaogesha watoto, watazame mikono, migongo na nyayo. Ukiona kitu, kilinganishe na orodha hii. Kikiwa kati ya vile vya kuachwa, kiache. Kikiwa kati ya vile vichache, usingoje kesho kutwa. Na usipokuwa na uhakika, mwulize mhamasishaji anayepita mtaani kwako. Kazi yetu ndiyo hiyo, na hatuchoki kuulizwa.

Afya njema kwenu wote.